Kibuyu Kilichosafishwa Mno

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa ya kawaida tu. Mvua ndefu zilikuwa hazijaanza, chai ilikuwa imekauka ncha za majani, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya jiko la Kogo, nyanya yangu, hapa Silibwet, kijiko mkononi, nikionja kinywaji kile kile asubuhi nzima. Ulimi ulikuwa umekufa ganzi. Sikujua tena kama ninaonja kinywaji au ninaonja kijiko. Hata hivyo niliendelea, kwa sababu nilikuwa mtu wa namna hiyo, na kwa kiasi fulani bado niko hivyo.

Wanaotoa nasaha kwa kawaida wana mvi, nami sina. Wewe ni mtoto wa dada yangu, na kwetu hiyo ni kusema wewe ni mwanangu, lakini bado kuna watu wanaoniita msichana sokoni. Ni kwamba katika nyumba yetu wakubwa wamepungua, na aliyebaki na kazi mkononi ndiye anayeulizwa. Basi nivumilie.

Kinywaji chenyewe ni ile maro unayoiona kwenye rafu. Jina lilitoka kwa Babu Berto, mume wa Kogo. Yeye alilitamka kwa urefu, amaro, nasi tukalikata. Babu alikuwa Mwitaliano wa milimani, kutoka kijiji ambacho kila nyumba ilitengeneza pombe yake ya majani machungu, ya kunywa kidogo tu baada ya chakula kizito ili tumbo litulie. Ya kwao ilitengenezwa na mama yake, kwa mizizi na maua aliyochimba mwenyewe mlimani. Kisha vita vikuu vya pili vikamtoa Babu huko akiwa kijana. Alishikwa na Waingereza kule Ethiopia, akaletwa mfungwa hadi kambi ya Londiani, akapewa msumeno. Vita vilipokwisha wenzake wengi walirudi kwao. Yeye alibaki kwenye kiwanda cha mbao kwa sababu alikuwa ameanza kuongea na msichana aliyeleta maziwa. Msichana huyo ndiye Kogo.

Kogo alituambia kwamba moja ya maneno ya kwanza ya Kipsigis ambayo Babu alijifunza lilikuwa ng'wan, yaani chungu. Watu wa kiwandani walidhani ni mgonjwa. Mzungu gani anazunguka akiuliza watu wamwonyeshe vitu vichungu? Kogo akamletea gome la soget, ambalo wazee hutafuna kifua kikibana. Akamletea pakanga, yale majani ya rangi ya majivu yanayonuka ukiyafikicha. Akamletea mizizi ambayo mama yake Kogo alitia kwenye supu ya wanaume. Babu akaloweka yote katika pombe nyeupe ya miwa aliyonunua mjini Kericho, akaongeza maganda ya machungwa na sukari iliyounguzwa hadi ikawa kama lami. Hakukuwa na jani hata moja la kwao. Alikuwa akisema mama yake angeinywa, angenyamaza kidogo, kisha angeuliza ni ya nyumba gani.

Walipohamia huku Bomet, kwenye ardhi yao, walipanda shamba la majani hayo machungu chini ya nyumba, kuelekea mtoni. Maro ikawa inachukuliwa na hoteli moja ya Kericho, na mameneja wa mashamba makubwa ya chai, na mapadri fulani wa upande wa Londiani. Chifu alikuja mara moja akidhani ni chang'aa. Alionyeshwa leseni, akaonja, akaondoka na chupa.

Lakini kuna jambo ambalo majirani hawakulijua vizuri. Babu hakuwa na pua. Pua ilikuwepo, tena kubwa, ila vumbi la mbao liliiua miaka ile ya mwanzo. Harufu ya moshi, ya mvua, ya mtoto mchanga, hakuipata. Kwa hiyo yeye alipima, alikata na kukoroga, lakini aliyeamua alikuwa Kogo. Babu alimpelekea kijiko mlangoni. Kogo alikuwa ameokoka, na kanisa letu haligusi pombe, kwa hiyo alikitia mdomoni, akakizungusha, akatema kwenye nyasi. Wazee wa kanisa walipomuuliza, aliwaambia yeye hanywi, anatema. Akishatema, ama alitikisa kichwa kukataa ama aliinua kidevu kukubali. Babu alirudi jikoni bila swali. Waliishi hivyo mpaka mwisho.

Mama yangu alikuwa binti yao. Alichuma chai kwenye mashamba ya Kericho, nami nikalelewa na Kogo. Niliishia darasa la nane. Mengine nilijifundisha mwenyewe, kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa nyama na kwa kuangalia mikono ya Babu. Hakunifundisha. Nilisimama tu pale mpaka akazoea kunizunguka.

Sasa niseme ukweli kuhusu tabia yangu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia kwamba amefuzu. Kila nilichofanya nilihisi kuna mtu atatokea aseme nilikosea hatua ya kwanza kabisa, ile ambayo kila mtu anaijua isipokuwa mimi. Kwa hiyo nilifanya kila kitu mara mbili. Nilifagia palipofagiliwa. Nikipikia wageni, sikula; nilikaa nikiwatazama midomo.

Babu alifariki mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Mazishi yalipopita, Mjomba Kipkorir, mwana wao wa kwanza, alituketisha mimi na Kogo chini ya dari la ghala. Mjomba ni mkulima wa chai, na miche yake ilikuwa tayari kitaluni. Aliongea kwa upole. Alisema maro ilikuwa ya Babu, na Babu hayupo, na kipande kizuri cha ardhi hakiwezi kukaa kikiota majani ya ukumbusho. Mvua zikianza angeng'oa shamba la majani lote na kupanda chai, isipokuwa kama kuna mtu wa kuitengeneza maro. Akaniangalia.

Kwetu mjomba hapingwi. Neno lake baya linaogopwa hata kuliko la baba. Tena mimi ni mtoto wa binti. Katika ardhi ile sikuwa na hata mahali pa kuchomeka kijiti nikasema ni pangu. Nikamwambia nitajaribu.

“Usijaribu,” akasema. “Tengeneza, halafu uniite.”

Nilimwendea Kogo nikamwomba awe ananionjea. Akakataa. “Nilikuwa namwonjea mume wangu,” alisema. “Huyo amelala.” Nami sikurudia ombi.

Shida iliyofuata ilikuwa chombo. Mtungi mkubwa wa kioo wa Babu, uliovishwa kikapu, ulivunjika watu wakirudisha viti vya mazishi. Jerikeni za plastiki zilinuka mafuta ya taa hata baada ya kuoshwa, au mimi nilidhani zinanuka. Nikachukua kibuyu kikubwa cha Kogo ambacho kilikuwa bado hakijatiwa maziwa.

Wewe unajua jinsi tunavyotengeneza kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, lakini niandike kwa ajili ya asiyejua. Unakata vijiti vya senetwet, unachoma ncha zake hadi ziwe kaa, unaziingiza ndani ya kibuyu, kisha unasugua kwa sosiot, ile brashi ya kijiti cha mtende, mpaka ndani kote pawe peusi na pa kung'aa. Mkaa huo ndio unaoyafanya maziwa yakae bila kuharibika. Sijui mwanamke wa kwetu ambaye angetia kitu cha maana kwenye kibuyu kabla ya kukifanyia hivyo. Angeona ametia kwenye uchafu. Mimi nilikisugua, nikatilia shaka, nikarudia, kisha nikarudia tena. Ndani pakang'aa kama buti la askari.

Nikatia pombe, majani, gome na maganda. Kiasi kidogo hakikuenea kibuyuni, nikakimimina kwenye chupa ya dawa ya kikohozi na kuiweka dirishani.

Mwanzoni maro ilikuwa chungu vizuri. Baadaye ikaanza kupoa. Siwezi kusema kwa njia nyingine: kila nilipoionja ilikuwa imerudi nyuma. Ilianza kuondoka harufu ya machungwa, ikafuata ya pakanga, mwisho ukaondoka ule ukali wa soget unaokushika koo. Nikaongeza majani. Ikaamka kidogo, ikalala tena. Nikaongeza gome. Hivyo hivyo. Je, nilikifikiria kibuyu? Hapana. Nilijifikiria mimi. Nilisema nimechuma majani jua likiwa kali mno. Nilisema nimebandua gome upande mbaya wa mti. Mwisho nikasema ulimi wangu ndio mbovu, nikaacha pilipili, kisha nikaacha chai. Mwanangu, mtu wa Bomet akiacha chai, hilo ni jambo la kuitiwa wazazi.

Wala sikumwonyesha mtu. Kibuyu nilikifunika gunia. Mjomba alipita akauliza kazi inaendeleaje, nami nikasimama kati yake na lile gunia nikamjibu kwamba bado kidogo. Akapita tena, nikasimama tena. Nadhani sasa kwamba aliuliza kwa nia njema, maana nyumba yake iko juu na hakuwa na sababu ya kupita njia ile. Lakini nilitaka aione maro siku itakapokuwa haina dosari, si kabla. Ukitazama vizuri, nilikuwa tayari shamba ling'olewe kuliko mtu aone kazi yangu ikiwa nusu. Sikujua kwamba ndicho nilichokuwa nimechagua, ila ndicho nilichokuwa nikikifanya kila siku.

Siku ile ya kijiko alinikuta Mama Nyaboke. Yeye ni Mkisii; mumewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai, na yeye alileta ndizi na machungwa kutoka soko la Chepilat, akitupitishia machungwa ya maro. Hayuko kanisa letu na hakuwahi kujifanya haipendi maro.

“Chepkoech, umefuga nyoka hapo?” aliuliza. “Kila nikija unalalia hilo gunia kama kuku.”

Nikamwambia ni maro, na haijawa tayari.

“Itakuwa tayari lini? Nikishakuwa nyanya?”

Hakungoja jibu. Alininyang'anya kijiko, akachota kibuyuni, akaonja. Akatazama huku na huku, akaiona ile chupa ya kikohozi dirishani, akauliza ni ya nini. Nikasema ni mabaki ya siku ya kwanza. Akaonja nayo. Uso wote ulikunjamana, akakohoa, akafuta machozi, akacheka.

“Hizi ni pombe mbili, dada. Hii ya chupa inanigombeza. Hii ya kibuyu inaniomba msamaha.”

Nilibisha. Nilimweleza kwamba zilitengenezwa siku moja kwa mkono mmoja, na kwamba ya kibuyu imeongezwa majani mara nyingi wakati ya chupa haikuguswa, kwa hiyo haiwezekani hata kidogo iwe dhaifu kuliko ya chupa. Nilieleza vizuri sana. Akaniambia yeye hajui hesabu hiyo, anajua mdomo wake.

Kogo alitoka jikoni kwa sababu ya kelele zetu. Hakuonja. Alikiinamisha kibuyu mpaka kinywaji kikakaa upande mmoja, akaingiza kidole akapangusa ukuta wake, akakitoa kikiwa cheusi.

“Ulitia mkaa?”

“Ndiyo, Kogo. Nilisugua vizuri kabisa.”

“Mkaa unakula harufu, mjukuu wangu. Kwenye maziwa tunataka harufu ya zizi iliwe. Hapa umeupa majani yote ya babu yako, na ukiongeza mengine unaukaribisha tena mezani.”

Nililia, lakini si sana. Nilikuwa nimechoka zaidi ya kuhuzunika. Kogo hakuwa mtu wa kukaripia kwa sauti. Aliketi kwenye kigoda, akaniuliza ni nani mwingine aliyeonja tangu nianze kazi hii. Nikasema hakuna. Akauliza ni nani aliyeniona nikisugua kibuyu. Hakuna. Kogo mwenyewe angeniona siku hiyo, angenizuia kabla kaa la kwanza halijapoa, lakini nilikwenda kukisugulia kule nyuma ya zizi ili mtu asinitazame mikono. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

“Babu yako hakuwa na pua, na alijua hana. Ndiyo maana alikuja mlangoni na kijiko. Wewe unayo pua, basi hukuja.”

Nikamwambia nilikuja, na yeye ndiye aliyenikataa.

“Nilikukataa mara moja,” akasema, “nawe ukapumua.”

Mama Nyaboke alijifanya anahesabu machungwa. Ilikuwa kweli, mwanangu. Kogo aliponikataa nilihuzunika, ndiyo, lakini chini ya huzuni ile kulikuwa na raha kama ya mtoto aliyeambiwa mwalimu hakuja. Nilijua sasa hakuna atakayeonja mpaka nitakapotaka mimi. Nilikuwa nimepata ruhusa ya kujificha, na nikaita ruhusa hiyo upweke.

Hatukuwa na muda mwingi. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima vya chai mchana, na maro huhitaji kukaa ili ikomae. Haingekuwa imekomaa kabla ya Mjomba kushusha miche. Mama Nyaboke alinitafutia vyombo, yale machupa makubwa ya kioo ambayo wenye maduka huwekea peremende, akayaomba kwa mwenye duka hadi yule mtu akachoka. Nikaanza upya. Ile ya kibuyu niliimwaga. Kogo alisema nisiimwage karibu na kuku, na hilo ndilo neno la mwisho alilosema juu yake.

Maro mpya ilipokuwa na siku chache tu, mbichi kabisa, harufu zake bado hazijashikana, nilichukua chupa moja na kijiko nikapanda hadi kwa Mjomba. Nilimkuta katikati ya chai, kikapu mgongoni, akichuma. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kusema njia nzima, na yote yakapotea.

“Mjomba, haijawa tayari,” nilimwambia. “Nataka uniambie imepungukiwa na nini.”

Alinitazama. Ana macho ya kijivu ya babu yake wa huko mbali, na ukitazamwa nayo unajihisi umekosa kitu.

“Unajua mimi nataka chai pale chini.”

“Najua, Mjomba.”

“Na bado unanipa kijiko.”

“Wewe ulikula na Babu miaka mingi kuliko mimi. Mimi sina wa kuniambia.”

Alivua kikapu. Mjomba huenda kanisani, ingawa si kila Jumapili, kwa hiyo hakutema. Alifumba macho akakaa hivyo mpaka nikadhani amesahau niko pale. Kisha akasema inauma, ila inauma mbele ya mdomo tu. Ya mzee, alisema, iliuma nyuma, ukishameza, wakati unadhani imekwisha. Nilikuwa nimeishi na maro tangu utoto na sikuwa nimewahi kusikia mtu akiisema hivyo, lakini aliposema nilijua ni kweli kabisa, na nikajua pia kosa liko wapi. Nilikuwa nimetia gome bichi. Babu alilikausha darini kwanza. Nilikuwa nimemwona akilitundika, ila sikuwahi kujiuliza ni kwa nini.

“Rudi nayo wiki ijayo,” Mjomba alisema, akavaa kikapu.

Sikuhitaji kurudi. Alikuja mwenyewe, akitoka kituo cha kununulia chai, kikapu kikiwa kitupu. Akaonja, akalalamika kwamba sukari imeungua mno. Akaja tena, akasema machungwa yanapiga kelele. Siku moja alimkuta Mama Nyaboke naye ana kijiko, wakabishana juu ya pakanga kama watu wanaogombea mpaka wa shamba.

“Wewe umezoea ndizi,” Mjomba alimwambia. “Utajuaje kitu kichungu?”

“Nimekaa kwenye ndoa miaka yote hii, shemeji. Nikose kujua uchungu?”

Kogo alicheka jikoni mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu mazishi.

Mvua zikaanza. Miche ikaendelea kukaa kitaluni, ikawa mirefu. Hakuna aliyesema lolote kuhusu shamba la majani, nami sikuuliza, ingawa kila asubuhi nilitazama chini mtoni kabla ya kunawa uso. Ndipo siku moja nikawaona vibarua wa Mjomba wakiteremka na majembe, yeye mbele. Nilisimama mlangoni.

Walianza upande wa juu, penye jua, wakang'oa vichaka vilivyokuwa hapo na kupanda chai mstari kwa mstari. Walipofika katikati Mjomba aliwasimamisha. Upande wote wa chini, penye pakanga na mizizi na mti wa soget ambao Babu aliupanda mwenyewe, hawakuutia jembe. Alipopita nyumbani kunywa chai aliniambia, bila kunitazama, kwamba chai haiwezi kupandwa kule chini kwa sababu maji yanasimama.

Maji hayasimami kule chini, mwanangu. Nimeishi hapa maisha yangu yote.

Maro ilipokomaa haikuwa ile ile ya Babu. Ilikuwa kali zaidi kooni, kwa sababu Mjomba anapenda hivyo, na ina machungwa zaidi, kwa sababu Mama Nyaboke hakukubali kushindwa. Mtu wa hoteli ya Kericho alisema imebadilika kidogo, kisha akauliza nyingine itakuwa tayari lini. Kogo hakuionja mpaka alipofariki. Alikuwa akiniuliza tu, Kipkorir amesemaje, na nikimjibu alikubali kwa kichwa polepole kama mtu anayesikiliza habari za watoto wake wakielewana.

Sasa nikuambie kwa nini nimekusumbua na haya yote. Juzi niliingia chumbani bila kubisha hodi, nikakukuta ukifumua ile sweta ya bluu unayoifuma, na si mara ya kwanza. Uliisukuma chini ya godoro ukaniambia hakuna kitu. Nilitoka nikafunga mlango, lakini pale nilikuwa nimejiona mimi mwenyewe.

Usiwe mfanyaji na mwamuzi wa kazi yako peke yako. Si kwa sababu hujui kuamua. Pengine unajua kuliko wengi. Ni kwa sababu mtu anayejihofia akijiamulia, haoni kazi tena, anaona hofu yake. Ionyeshe kazi ingali mbichi, wakati bado inaweza kugeuzwa. Mpelekee mtu anayeweza kukuambia hapana, na akikukataa huyo, tafuta mwingine siku hiyo hiyo kabla hujaanza kuona raha. Usimwepuke hata yule unayedhani anataka ushindwe. Mjomba wangu hakutaka nishindwe. Alitaka aulizwe. Mtu akishakuambia kwa kinywa chake kilichopungua kwenye kazi yako, ni vigumu kwake kuja kesho na jembe.

Na kazi ikikukataa mara kwa mara, usikimbilie kusema wewe ni mbaya. Huko kujishtaki kunaonekana kama unyenyekevu, lakini kwangu kulikuwa uvivu wa kutazama. Ningejishtaki kidogo tu na kutazama kibuyu zaidi, ningeokoa pombe nyingi na majani mengi. Tena bidii ina mahali pake pa kusimama. Nilisugua mara ya kwanza kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Mara zilizofuata nilisugua kwa sababu ya wasiwasi, na wasiwasi ule haukusafisha chochote.

Sisemi nimepona. Bado ninarudi kuangalia vifuniko vya chupa nilizokwisha kuzifunga. Tofauti ni kwamba siku hizi ninawaacha watu wanione nikirudi, na wakinicheka ninacheka nao. Kuhusu sweta, mkono wake wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, niliona hata kutoka pale mlangoni. Si kasoro kubwa. Ilete tuitazame pamoja.

Mungu akuzidishie miaka, mwanangu. Akutulize moyo pale unapotaka kukimbia, aibariki mikono yako, na akuzungushie watu wanaokupenda kiasi cha kukuambia ukweli mapema.